Mkwe Hataniwi, na Rais Je?

Kwa Kamati ya Maudhui,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)

Ndugu wajumbe,

Nawaandikia kuhusu orodha. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zilitoka na Jedwali la Tatu, linalotaja maudhui yaliyopigwa marufuku. Mengi humo hayana mtetezi, na mimi sijitokezi kuyatetea: picha za ngono za watoto, uchochezi wa vurugu na mengine ya aina hiyo. Lakini katikati yake pamepandwa pia katazo la kuikejeli Jamhuri ya Muungano, bendera yake, wimbo wake na nembo zake, na katazo la lugha ya kudhalilisha inayokusudia kumuudhi mtu au kundi. Kanuni hizo zimeshafanyiwa marekebisho, ya mwaka 2022 yakiwemo, na wanasheria watajua kipi kimebaki wapi. Hoja yangu haining'inii kwenye kifungu. Nabishana na fikra iliyoizaa orodha, ambayo naisikia hata kwa watu wasiowahi kuzifungua kanuni zenyewe: kwamba yapo mambo ya kuchekwa na yapo yasiyochekwa, na kazi ya mwenye mamlaka ni kuyatenga, dini huku, kabila kule, ulemavu, maiti, mkuu wa nchi. Fikra hiyo inapima kisichopaswa kupimwa. Na huku kwetu Uzaramoni kipimo kizuri zaidi kilikuwepo kabla nchi haijapata mamlaka yoyote ya mawasiliano.

Tuanze na maiti, maana hakuna zito kuliko hilo. Kwenye msiba wa Mzaramo watu wamekaa mikekani, wanawake wako ndani wanalia, shekhe anasubiriwa, ndipo anapotokea mtani, tuseme Mnyamwezi. Amevaa kanzu ya marehemu, tena kaigeuza nje ndani. Anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, mguu mmoja unaburuzika. Anakohoa kikohozi chake. Anamwuliza mjane chai yake iko wapi. Anatangaza kwa sauti kwamba huyu mtu kafa na deni la nazi, na lisipolipwa leo hazikwi mtu hapa. Makaburini anashuka shimoni, anajilaza kwenye mwanandani, anasema pana ubaridi mzuri na yeye ndiye atakayebaki. Hatoki mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua mila atatafuta polisi. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na yule aliyekuwa kazimia kwa uchungu anainuka kumrushia mtani kandambili. Kama mila zetu zingekuwa na orodha kama yenu, kifo kingekuwa cha kwanza, na maiti ambaye hajazikwa angeandikwa kwa wino mwekundu.

Tazameni sasa kinachofuata. Huyo huyo mchafuzi ndiye anayeshika jembe. Utani umempa ruhusa, na papo hapo umempa kazi: kuchimba, kuteka maji, kuchinja, kupika, kukesha na wafiwa mpaka matanga yaanuliwe. Anachonyakua ni kidogo, kuku au noti moja mbili. Akiondoka na ng'ombe wa mayatima huo si utani tena, ni wizi, na wazee watakaa kikao. Zaidi ya yote, siku akifiwa yeye, Mzaramo atafunga safari kwenda kujilaza kwenye shimo la kwao. R. E. Moreau, Mwingereza mtafiti wa ndege aliyefanya kazi Amani kule Usambara, aliacha ndege zake kwa muda akaandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika katika miaka ya 1940, na kumbukumbu za watu zilimrudisha mara nyingi mahali pamoja: walio watani leo ni waliogombana jana. Wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka na misafara ya pembe kutoka Tabora kuja pwani katika karne ya 19, wakapita kwenye nchi za watu, wakavutana nao kwa hongo, maji na chakula. Wangoni na Wahehe walimwaga damu, na leo wanatupiana maneno tu. Utani ni suluhu iliyotiwa saini kwa matusi.

Mila hiyo hiyo iliyomruhusu mtu kulala kaburini kwa mwenzake inamkataza kumtania mama mkwe hata kuhusu mvua. Mtaalamu wa mila A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliona kwamba utani na kuepukana ni ndugu wawili: jamii inayomruhusu mtu kumtukana binamu yake ndiyo inayomtaka ainamishe macho akikutana na mkwe. Kwa hiyo sisemi kwamba kwetu kila kitu ni halali. Miiko ipo, tena mikali. Ila haikutungwa kwa mada. Ilitungwa kwa watu, yaani nani anamtania nani, akijibiwa inakuwaje, na baada ya kucheka anabeba mzigo gani. Mkwe hataniwi kwa sababu heshima imemfunga mdomo. Ukimrushia neno hawezi kukurushia lake, na kumtania mtu wa namna hiyo ni kumpiga aliyefungwa mikono.

Mtasema hayo ni ya kijijini na ya kale, na kwamba mzaha wa kabila umeshaua watu. Ni kweli umeua, na waliohukumiwa kwa ajili hiyo walihukumiwa hapa hapa nchini. Redio RTLM ya Kigali ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Haikupendwa kwa hotuba zake. Ilipendwa kwa muziki na kwa watangazaji wake wenye maneno, na Kantano Habimana alikuwa hodari wa kuchekesha kuliko wote. Kuwaita Watutsi mende kulikuwa kichekesho chake kabla hakujawa amri ya kuua. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, ambalo nalo lilikuwa na katuni zake. Hakuna ushahidi mzito zaidi ya huo dhidi ya wanaodai kwamba mzaha ni mzaha tu, na anayejadili suala hili Afrika Mashariki bila kuutaja hajajadili.

Lakini ushahidi huo unathibitisha nini? Mada ya RTLM ilikuwa kabila. Mada ya mtani aliyelala kaburini ni kabila pia. Wanyamwezi wanawaita Wazaramo wavivu, watu wa ngoma usiku kucha. Wazaramo wanawaita wao wapagazi, mabega yaliyoota sugu. Orodha inayosema usichezee kabila ingezikamata redio na kaburi kwa wavu mmoja, na ingekuwa imekosea mara mbili: ingeua kitu kilichowaunganisha watu, na isingeelewa kilichowaua. Cha Kigali kilikuwa kicheko cha upande mmoja. Aliyechekwa hakuwa na redio. Hakualikwa acheke pamoja na wengine, alitakiwa atoweke. Na aliyechekesha hakuwa na jembe la kumzika mwenzake, maana makaburi yale yalichimbwa kwa kazi nyingine. Mwenye kipimo cha utani angeijua RTLM siku ya kwanza. Mwenye orodha ya mada angeiona redio na msiba vimefanana.

Mfano mwepesi zaidi kila mtu anao mdomoni. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na neno hilo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Mei 6, 2012 Simba waliwafunga Yanga mabao 5 kwa 0, na kwa zaidi ya miaka 11 shabiki wa Yanga akionyeshwa kiganja kilichokunjuliwa alijua anaambiwa nini. Novemba 5, 2023 Yanga wakashinda 5 kwa 1. Siku hiyo viganja vilibadilisha mikono. Hakuna mwana Simba aliyekwenda mahakamani. Alinunua soda, akakaa kimya, akahesabu miaka. Kejeli ile inadumu bila kuvunja nyumba, ingawa nyumba nyingi zina wote wawili, kwa sababu kila anayeitoa anajua itamrudia.

Kipimo hicho kinabana mahali ambapo nyinyi mmeachia. Kati ya mwaka 2000 na 2015, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, angalau watu 75 wenye ualbino waliuawa nchini mwetu kwa ajili ya viungo vyao. Katika miaka hiyo hiyo mtaani kulikuwa na neno. Mwenye ualbino akipita kituo cha daladala, kijana anaita, "Dili hilo linapita!" na wenzake wanavunjika mbavu. Neno moja, silabi mbili, na ndani yake imo bei ya mkono na mguu. Aliyeitwa hivyo angejibu nini? Angemwita kijana yule nani, ilhali hakuna aliyewahi kuweka bei kwenye mwili wa kijana yule? Hapo hapakuwa na utani hata chembe. Lakini hata hapo mada si kosa: mwenye ualbino akipanda jukwaani akaichekesha kadamnasi kwa ngozi yake, kofia yake pana na mganga aliyemkimbia, basi yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti, na orodha inayomnyamazisha ili kumlinda itakuwa imemnyang'anya kitu cha pekee ambacho wale wa kituoni walimnyima. Sheria ya makosa ya jinai inatosha kwa anayemtisha mtu. Si lazima ngozi yake iingizwe kwenye jedwali.

Nije kwa mkuu wa nchi. Anayetetea orodha atasema rais ni kama mkwe: anaheshimiwa, hataniwi. Nimeshasema mkwe hataniwi kwa kuwa hawezi kurudisha. Rais anaweza kurudisha kuliko mtu yeyote kati yetu. Ana jukwaa, ana televisheni, ana wasemaji, na wasemaji wana wasemaji wao. Isitoshe, wanasiasa wetu wenyewe ndio waliotangulia kuingia utanini. Ni nadra kupata mkutano wa hadhara ambao mkubwa hakuanza kwa kuwatania watu wa makabila jirani na kwao, akapigiwa makofi. Mtani anayetania halafu akajibiwa akaita askari, kwetu anaondolewa mkekani.

Kumbukumbu za karibuni zinaonyesha kwamba dola yenyewe inaona haya kukishitaki kicheko. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania muda mfupi baada ya kuchapisha katuni ya Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, iliyomchora Rais Kikwete amejilaza akistareheshwa na wanawake waliopewa majina ya maovu ya utawala. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kwamba gazeti halikusajiliwa nchini, ingawa lilikuwa limeuzwa vibandani mwetu miaka na miaka. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alijikuta polisi kwa kubadilishana sura na Rais Magufuli kwenye picha, siku ya kuzaliwa ya Rais. Mei 2020 akakamatwa tena baada ya video iliyomwonyesha akiangua kicheko kwa picha ya zamani ya Rais ndani ya suti iliyomzidi mwili. Alipopandishwa kizimbani, shitaka lilihusu usajili wa laini ya simu. Gazeti, usajili, laini, usajili. Wakili hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema "mtuhumiwa alicheka" bila yeye mwenyewe kubana mdomo, kwa hiyo kicheko kinatafutiwa jina la kupanga. Sheria inayoogopa kulitaja kosa lake inajua kwamba kosa halipo. Wakenya waliwaona wachekeshaji wa Redykyulass wakimwigiza Rais Moi, sauti na kirungu, mwishoni mwa miaka ya 1990, Moi mwenyewe akiwa Ikulu. Aliondoka mwaka 2002 kwa katiba na kwa kura, na hakuna anayesema kirungu cha bandia kilimpunguzia heshima.

Lililobaki ni dini, na hapa sitajifanya kwamba jibu ni jepesi. Oktoba 2012, Mbagala, mabishano ya watoto wawili kuhusu msahafu, yaliyoanza kama watoto wanavyochokozana, yaliishia makanisa kushambuliwa. Mbagala si mbali na sisi, na waliopigana ni watu wanaooana. Mwaka 2015 huko Paris watu 12 waliuawa katika shambulio dhidi ya ofisi ya gazeti la Charlie Hebdo kwa ajili ya katuni. Mtu anaweza kusema: basi angalau dini iwekeni pembeni. Nakubali kwamba mchekeshaji mwenye busara ataona mahali ambapo ulimi utawasha nyasi, na asipoona ana kasoro katika ufundi wake kabla hajawa na kasoro mbele ya sheria. Lakini jedwali lisingemzuia mtoto wa Mbagala. Kuinajisi dini kulikuwa kosa tayari tangu enzi ya mkoloni. Kilichochoma kilikuwa safari ya habari. Watoto wale walijuana, wazazi wao wangeweza kukaa na shekhe na mchungaji jambo likaisha kwa kiboko na msamaha. Habari ilipofika kwa watu wasiowajua watoto wala wazazi, hapakuwa tena na wa kumjibu wala wa kumwomba radhi. Na upande wa pili, vichekesho vya shekhe mlafi na padri mpenda mvinyo vimo misikitini na makanisani kwenyewe, vinasimuliwa na mashekhe na mapadri. Mkiifunga mada, wao ndio wa kwanza kuvunja kanuni.

Hapo mna pingamizi lenu kubwa, nami nalikubali nusu: mtandao hauna mkeka. Mzaha unaotumwa kutoka Chole asubuhi unafika Muscat mchana kwa mtu asiyejua Mzaramo ni nani, na hakuna wa kumkabidhi jembe. Ndiyo maana siwaombi mfumbe macho. Nawaomba mbadilishe swali. Lalamiko likiletwa mezani, msianze kwa kuuliza kichekesho kilihusu nini. Ulizeni kwanza nani analalamika: aliyetaniwa mwenyewe, au mtu aliyejipa kazi ya kukasirika kwa niaba yake? Mara nyingi mkubwa hajasema kitu, na wapambe ndio wanaotokwa jasho. Ulizeni kama aliyechekwa ana pa kujibia. Akiwa hana, mpeni: muda ule ule, kipindi kile kile, kabla ya kufikiria faini. Adhabu ya mtani imekuwa siku zote ni kutaniwa, na ni adhabu inayouma. Hakuna mchekeshaji anayependa kuchekwa kwenye jukwaa lake mwenyewe. Ulizeni pia mzaha unamtakia nini mtu, akae nasi au aondoke. Mkifika kwa anayetaka mwenzake aondoke duniani, huyo si wenu tena, ni wa jamhuri na waendesha mashitaka. Na neno kukejeli litoeni kwenye marufuku, maana nchi inayotunza bendera yake kwa kuogopa kucheka imeifanya bendera kuwa mkwe wa kila mtu.

Nimesema haya nikiwa upande wa wanaochekwa, kwa hiyo msidhani natetea starehe yangu. Kwenye vichekesho vinavyotengenezwa Dar es Salaam, Mzaramo ni yule yule kila siku: kanga moja, ngoma, talaka tatu kabla ya futari, na lafudhi ambayo hakuna mtu wa Maneromango aliyewahi kuongea. Huo ni utani wa mguu mmoja. Mwandishi yuko studio, kamera iko studio, na Mzaramo anayeigizwa hayumo. Wapo wenzangu wanaotaka vipindi hivyo vifungiwe, na kwa orodha yenu huenda wangeshinda, maana kundi limedhalilishwa na kundi limeudhika. Mimi siombi vifungiwe. Naomba kamera ije Kisarawe, ije na watu wa studio wenyewe, wakae mkekani nusu saa mbele ya akina mama wa huku, halafu kirushwe kila kitakachosemwa.

Nangoja jibu lenu hadharani kama nilivyoandika. Mkiona pafaa kuweka kijembe cha Mzaramo ndani yake, wekeni. Kitarudishwa.

Chole, Kisarawe
Mkoa wa Pwani